Wanaosikiliza Jukwaani

Mkulima anapita jikoni kwake. Mezani amekaa mtoto wa kike asiye wake, ambaye muda si mrefu uliopita alimfokea kwa kumpotea machoni. Mtu huyu hajui kuomba radhi. Pengine hajawahi kuomba tangu azaliwe. Bila kusimama na bila kumtazama mtoto, anaacha biskuti moja juu ya meza na kushika njia yake kwenda nje. Hakuna neno lililosemwa.

Tukio hilo limo katika An Cailín Ciúin, filamu iliyotoka mwaka 2022, sehemu kubwa yake ikizungumzwa kwa Kiairishi, na ya kwanza ya lugha hiyo kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora ya kimataifa. Mkulima ni Andrew Bennett na mtoto ni Catherine Clinch. Nimelirudia mara nyingi, na kila ninapolirudia nazidi kuuheshimu mkono wa Bennett. Angeweza kuiweka ile biskuti kwa upole uliopitiliza ili sisi watazamaji tutokwe na machozi. Hakufanya hivyo. Ameiacha kama mtu anavyoacha funguo, na uzito wote akautia katika kule kutotazama. Mtoto naye hatabasamu wala hainyakui. Anaipokea kwa macho kwanza.

Waigizaji wa Ireland husifiwa kwa ulimi. Wakitajwa, watu husema habari ya sauti zao, lafudhi zao, namna wanavyoweza kuuchezea usemi mrefu bila kupoteza pumzi. Sikatai, ulimi wanao. Lakini baada ya miaka mingi ya kuwatazama nimeshawishika kwamba ufundi wao mkubwa zaidi uko masikioni. Sijui mahali pengine ambapo mtu anayenyamaza jukwaani amefunzwa kwa bidii kiasi hicho. Sisi tuliolelewa na paukwa na pakawa tunajua kwamba hadithi haiendi bila mwitikiaji. Hawa wamemchukua mwitikiaji huyo wakamfanya kuwa fundi kamili.

Ukitaka kujua ilikoanzia, nenda Dublin mwanzoni mwa karne iliyopita, kwa ndugu wawili wa ukoo wa Fay. Frank alikuwa karani. Willie alikuwa fundi umeme. Mchana waliganga njaa, usiku wakafundisha maigizo kwa vijana waliotoka madukani na maofisini. Frank alikuwa na wazimu wa sauti: aliwataka wanafunzi wake watamke kila silabi isikike hadi kiti cha nyuma bila kupiga kelele. Tena walikuwa na kanuni moja ambayo siku zile ilionekana ya ajabu. Anayesema ndiye anayesogea. Wengine wote watulie tuli, wamsikilize.

Tarehe 2 Aprili 1902 walionyesha kazi yao katika ukumbi wa chama cha watu walioapa kuacha pombe, na mojawapo ya michezo ya jioni ile ilikuwa Cathleen ni Houlihan. Mwezi Mei mwaka 1903 walivuka bahari kwenda London mwishoni mwa wiki, kwa sababu Jumatatu walitakiwa kazini. Wahakiki wa London walikuwa wamezoea waigizaji wakubwa wanaopunga mikono na kutembea huku na huku ili jicho la mtazamaji lisiwatoke. Hapa wakakutana na vijana waliosimama kama watu waliosimama kweli, wakimtazama mwenzao anayesema. Wako waliodai kwamba utulivu ule ulikuwa tu dalili ya watu wasiojua kazi. Mimi naona hata kama ulianza kwa kutojua, walikuwa na busara ya kutouacha walipokwisha kujua.

Mshairi W. B. Yeats, aliyekuwa akiandika michezo kwa ajili yao, alitaka utulivu huo uende mbali zaidi. Aliandika kwamba aliwahi kuomba awafanyishe waigizaji mazoezi wakiwa ndani ya mapipa, ili wasahau mikono na miguu na akili yao ibaki kwenye maneno. Mapipa hayo yawekewe vigurudumu, naye awe anayasukuma kwa fito pale mchezo unapotaka mtu asogee. Sijapata kusikia njia nyingine inayoeleza wazi hivyo kile alichokuwa akikitafuta. Ukimwondolea mwigizaji mikono na miguu, anabaki na sauti, macho na masikio.

Desemba 27, 1904 kikundi hicho kilipata nyumba yake, Abbey Theatre, kwa fedha za Annie Horniman, mwanamke Mwingereza ambaye utajiri wa familia yake ulitokana na biashara ya majani ya chai. Jengo liliunganishwa kutokana na ukumbi wa zamani na nyumba ya jirani iliyokuwa ya kuhifadhia maiti. Viti vilikuwa 562. Jukwaa lilikuwa na kina cha futi kama 16 hivi, finyu kiasi kwamba mwigizaji akitaka kupita kutoka upande mmoja kwenda wa pili ilimbidi atokee uchochoroni nyuma ya jengo. Mahali kama hapo hupungi mkono ovyo, utampiga mwenzako. Ninaamini kabisa kwamba ufinyu huo uliwafundisha kama Frank Fay alivyowafundisha.

Katika jukwaa hilo alikulia Barry Fitzgerald, ambaye jina lake halisi ni William Shields. Alikuwa mtumishi wa serikali. Mchana ofisini na mafaili, jioni jukwaani kwa jina la kupanga. Mwaka 1924 alikuwa Kapteni Boyle katika Juno and the Paycock ya Sean O'Casey, na alikuwa na umri wa miaka 40 na ushei alipoacha ofisi. Hollywood ikamchukua, na kwa uhusika wake wa padri mzee katika Going My Way ya mwaka 1944 aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji mkuu na pia ya mwigizaji msaidizi, kwa kazi ileile moja. Akapata ya msaidizi, na kanuni zikabadilishwa ili jambo hilo lisitokee tena. Watu husimulia kisa hicho kama kichekesho cha tuzo. Kwangu kinasema kitu kuhusu kazi yenyewe: huyu ni mtu aliyeweza kukaa pembeni mwa tukio, akisikiliza, na bado waamuzi wakashindwa kujua kama yeye ndiye aliyekuwa katikati.

Halafu kuna Patrick Magee, mtu wa Armagh, na sauti yake. Mwaka 1957 Samuel Beckett, Mwairishi aliyekuwa akiishi Ufaransa, alimsikia redioni BBC akisoma maandishi yake. Ilikuwa sauti yenye mkwaruzo na uchovu, kama ya mtu aliyeamka usiku wa manane akaanza kusema bila kujua kama kuna anayemsikia. Beckett aliketi akaandika mchezo kwa ajili ya sauti hiyo. Mchezo huo ni Krapp's Last Tape, ulioonyeshwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Royal Court, London, mwezi Oktoba 1958, na nadhani haujaandikwa mwingine unaomdai mwigizaji kusikiliza kama huu.

Yuko mzee mmoja tu, Krapp, mwenye miaka 69. Kila siku ya kuzaliwa kwake hujirekodi kwenye kinasa sauti akieleza mwaka ulivyokwenda. Usiku huu anatafuta ukanda wa miaka 30 iliyopita, anauweka kwenye mashine, anainama mezani, anaelekeza sikio kwenye spika na kulikinga kwa kiganja. Kwa sehemu kubwa ya mchezo sauti inayosikika si ya mtu tunayemwona akifumbua kinywa. Ni yake mwenyewe ya wakati ule, alipokuwa amejaa majivuno, akieleza jinsi alivyomwacha mwanamke kwa ajili ya kazi yake ya uandishi. Mzee anasikiliza. Anaruka mbele, anarudi nyuma, anasikiliza tena pale pa mwanamke. Mwigizaji amekaa kitini na hana pa kujificha: hana mwenzake wa kumjibu, hana pa kutembea, na sauti inayompita ni yake mwenyewe. Fikiria kazi ya kuonyesha, kwa uso na kiganja tu, mtu anayejuta na asiyetaka kujua kwamba anajuta.

Mwaka 1976 Magee alirudi katika ukumbi uleule wa Royal Court kucheza Endgame ya Beckett, naye Beckett mwenyewe akahudhuria mazoezi. Magee alikuwa Hamm, kipofu aliyekaa kitini muda wote. Aliyekuwa Clov, mtumishi asiyeweza kukaa, ni kijana wa Belfast, Stephen Rea, ambaye hakuwa ametimiza miaka 30. Jina hilo lishikeni, nitalirudia.

Miaka minne baadaye Rea na mwandishi Brian Friel walianzisha kikundi cha Field Day, na tarehe 23 Septemba 1980 wakafungua Translations katika ukumbi wa halmashauri ya jiji la Derry, Guildhall, wakati mapigano ya Ireland ya Kaskazini yakiendelea. Habari ni ya mwaka 1833. Wanajeshi wa Uingereza wamefika kijijini kuchora ramani, na kila kijito na kilima chenye jina la Kiairishi kinapewa jina jipya la Kiingereza. Msomaji aliyekulia kando ya ziwa lililobandikwa jina la malkia wa mbali hahitaji kuelezwa zaidi.

Jukwaani karibu maneno yote ni ya Kiingereza, lakini wanakijiji wanasema Kiairishi na wanajeshi wanasema Kiingereza, na hawaelewani. Kwa hiyo hakuna lugha wala mavazi wala tafsiri yoyote ya pembeni itakayomwambia mtazamaji nani hamwelewi nani. Kitakachomwambia ni masikio ya waigizaji. Kapteni anapohutubia kijiji, kila mwanakijiji lazima asikilize Kiingereza anachokijua vizuri kabisa kama vile ni kelele za upepo. Katikati anasimama Owen, kijana wa kijiji aliyerudi kama mkalimani wa jeshi, na huyu ndiye Rea aliyekuwa akimwigiza. Kapteni anasema kwa ukali na kwa kirefu. Owen anatafsiri kwa maneno machache yaliyolainishwa. Mtazamaji anatakiwa kuuona uongo ukizaliwa usoni mwake katika ile nukta kati ya kusikia na kusema. Kuna wakati mwingine, wa mapenzi, ambapo msichana wa kijiji na luteni wa Kiingereza wako peke yao baada ya ngoma. Kila mmoja anaropoka yaliyo moyoni kwa lugha yake, hawaelewani neno, na bado wanafika mahali pamoja, hatimaye kwa kutajiana majina ya mahali, yale yale ambayo luteni amekuja kuyafuta. Waigizaji wawili wenye lugha moja, wakijitia uziwi wa lugha mbili, huku wakisikia kila kitu kingine: pumzi, hofu, haraka. Sijui mtihani mgumu kuliko huo.

Katika kundi hilo la Derry alikuwemo pia kijana mrefu kutoka Ballymena, Liam Neeson, ambaye dunia ingemjua baadaye kwa Schindler's List. Na alikuwemo Mick Lally, aliyekuwa mwalimu, mmoja wa waanzilishi watatu wa kikundi cha Druid kule Galway. Hao wengine wawili ni mwongozaji Garry Hynes na mwigizaji Marie Mullen. Walikuwa wamekutana chuoni, wakaanza mwaka 1975 bila fedha na mbali na Dublin. Lally alikuja kuwa sura inayojulikana kila nyumba nchini humo kwa tamthilia ya televisheni ya Glenroe, na baada ya kifo chake mwaka 2010 ukumbi wa Druid ukapewa jina lake. Lakini ninayetaka kukaa naye ni Marie Mullen, kwa sababu ya kiti kimoja.

Februari 1996 Druid walionyesha kwa mara ya kwanza The Beauty Queen of Leenane ya Martin McDonagh. Jiko la nyumba ya mashambani, mvua nje, mama mzee aitwaye Mag katika kiti cha kubembea karibu na jiko, na binti yake Maureen, mwenye miaka 40, anayemkorogea uji na kumchukia. Mullen alikuwa Maureen. Anna Manahan alikuwa Mag. Kuna mwanamume, Pato, anayempenda Maureen na aliyemwandikia barua ya kumwita waende naye Marekani. Mama anaipata barua, anaisoma, anaichoma motoni.

Siku nyingine mama anateleza ulimi. Katika kumdhihaki binti yake kuhusu Pato, anasema jambo ambalo asingeweza kulijua kama hakuisoma barua ile. Hapo ndipo mchezo wote unapogeuka, na unageuka katika sikio la Maureen. Mwandishi amempa mama sentensi. Binti amepewa kusikia tu. Mwigizaji akisikia haraka mno, ataonekana ameshausoma muswada. Akichelewa, watazamaji watakuwa wameshafika kabla yake na watamsubiri kama abiria wanaomsubiri dereva. Inatakiwa maneno yapite kwanza kama dhihaka za kila siku, kisha moja likwame. Baada ya hapo ni mafuta ya moto, na sitaeleza zaidi ya hayo.

Mwisho wa mchezo mama hayupo tena. Maureen amebaki peke yake na anaketi katika kile kiti cha kubembea, redio ikicheza, na kijana anayepita anamwona amefanana na mama yake kabisa. Mullen alimaliza hivyo usiku baada ya usiku, Galway, London, kisha New York, ambako mwaka 1998 mchezo ulipata tuzo nne za Tony: yake ya mwigizaji bora wa kike, ya Manahan, ya kijana Tom Murphy, na ya Garry Hynes, mwanamke wa kwanza kupata tuzo hiyo kwa kuongoza mchezo wa kuigiza.

Manahan alifariki mwaka 2009. Mwaka 2016 Druid waliurudisha mchezo jukwaani, na Marie Mullen akaingia tena jikoni mule. Safari hii alikuwa Mag. Aliketi katika kiti alichokimalizia miaka 20 kabla, na Maureen akawa Aisling O'Sullivan. Kila dhihaka aliyowahi kutupiwa sasa alikuwa akiitupa yeye. Na ile sentensi ya kuteleza ulimi, aliyoisikia mamia ya mara kutoka kinywani mwa Manahan, sasa ilimbidi aitoe mwenyewe na kumtazama mwenzake akiisikia.

Nimeifikiria kazi hiyo mara nyingi. Mwigizaji wa kawaida anajua maneno yake na anajua pa kuyasema. Mullen alikuwa akijua pia, mwilini mwake, yanavyotua upande wa pili: ni neno lipi linachoma, lipi linazoeleka baada ya mwezi, na ni ukimya upi wa mama unaomtisha binti kuliko maneno. Huwezi kuajiri ujuzi wa namna hiyo wala kuufundisha chuoni kwa miaka mitatu. Unapatikana pale tu kikundi kinapokaa pamoja kwa miaka arobaini, mwongozaji yuleyule na mwigizaji yuleyule, wakizeeka mbele ya watu waliowaona wakiwa vijana.

Kusini, katika jiji la Cork, kulikuwa na kijana mwingine, mpiga gitaa aliyekuwa akisoma sheria bila moyo. Cillian Murphy alimsumbua mwongozaji wa kikundi cha Corcadorca hadi akapewa nafasi ya kujaribiwa, na mwaka 1996, mwaka uleule wa Beauty Queen, akaanza katika Disco Pigs ya Enda Walsh. Walikuwa wawili tu jukwaani, yeye na Eileen Walsh: vijana wa miaka 17 waliozaliwa siku moja, wanaosema lugha yao ya siri iliyokatwakatwa kutoka lahaja ya Cork. Usiposikiliza mwenzako katika mchezo wa namna hiyo unapotea ndani ya dakika moja. Mchezo ulipogeuzwa filamu, nafasi ya Eileen Walsh ilikwenda kwa mwingine, na mpaka leo naona ilikuwa hasara.

Mwandishi yuleyule, Enda Walsh, alishirikiana na mwongozaji Steve McQueen kuandika Hunger, filamu ya mwaka 2008 kuhusu Bobby Sands, mfungwa aliyefariki Mei 1981 baada ya siku 66 za kugoma kula. Katikati ya filamu, Sands na padri wanakaa mezani, kila mmoja upande wake, moshi wa sigara kati yao na mwanga wa dirisha nyuma. Kamera inasimama. Inakaa pale kwa takriban dakika 17 bila kukatwa. Michael Fassbender ni Sands, Liam Cunningham ni padri. Ili kuifikia siku ile, wawili hao walikaa nyumba moja Belfast na kulirudia tukio mara nyingi kila siku.

Cunningham alikuwa fundi umeme kama Willie Fay. Miaka ya 1980 alifanya kazi Zimbabwe kwa miaka mitatu, akitunza mitambo ya umeme katika hifadhi ya wanyama na kuwafundisha mafundi wa huko. Alirudi Dublin akiwa hana hamu tena na kazi yake, akajiandikisha darasa la uigizaji. Ukimtazama katika tukio lile utaona faida ya kuwa na kazi nyingine mikononi kabla ya hii. Padri anaanza kwa mzaha, uvumi wa parokia, habari ndogondogo; ndivyo wanaume wanavyokaribia jambo zito. Kisha kijana anatamka kwamba mgomo utakuwepo na kwamba anajua utamuua. Kamera haimsogelei padri kutuonyesha uso wake, kwa hiyo Cunningham analazimika kusikia kwa mabega. Anasikia mwili mzima, na anaendelea kubishana kama mtu anayejua ameshashindwa lakini kazi yake inamtaka abishe.

Kusikiliza kunaweza pia kugeuzwa ndani nje. Katika The Banshees of Inisherin ya mwaka 2022, Brendan Gleeson, aliyekuwa mwalimu wa sekondari hadi alipofikisha miaka 34, ni Colm, mtu aliyeamua ghafla kutozungumza tena na rafiki yake wa siku zote, Pádraic, ambaye ni Colin Farrell. Polisi wa kisiwa anampiga Pádraic na kumwangusha chini. Colm anakuja, anamwinua, anampandisha kwenye gari la farasi, anaketi kando yake na kushika hatamu. Pádraic anaanza kulia. Colm anatazama mbele. Wanapofika njia panda anamkabidhi hatamu, anashuka na kwenda zake. Gleeson amecheza tukio zima kama mtu anayesikia kila kwikwi na anayejizuia kwa nguvu zake zote asiijibu, na Farrell analia kama mtu anayejua kwamba anasikiwa. Waigizaji wanne wa filamu hiyo waliteuliwa kuwania Oscar, wote wa Ireland.

Mwingine wa masikio hayo ni Ruth Negga, aliyezaliwa Addis Ababa, baba Mwethiopia na mama Mwairishi, akalelewa Limerick. Katika Loving ya mwaka 2016 yeye ni Mildred Loving, mwanamke wa Virginia ambaye ndoa yake na mzungu ilifikishwa hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Hukumu ya ushindi, mwaka 1967, inamfikia kwa simu. Hatusikilizishwi shangwe ya mahakamani. Tunamwona Negga ameshika simu sikioni, na habari ya maisha yake yote inamwingia polepole machoni.

Cillian Murphy alipata Oscar ya mwigizaji bora wa kiume Machi 2024 kwa Oppenheimer, wa kwanza mzaliwa wa Ireland kuipata. Ninafurahi aliipata. Lakini kazi yake ninayoipenda zaidi ni ile iliyofuata mwaka huohuo, Small Things Like These, iliyotokana na kitabu cha Claire Keegan, mwandishi wa hadithi iliyozaa An Cailín Ciúin, na muswada wake ni wa Enda Walsh. Murphy ni Bill Furlong, muuza makaa ya mawe katika mji wa New Ross mwaka 1985, aliyegundua wasichana wanavyoteswa katika nyumba ya watawa anakopeleka mzigo. Jioni akirudi kwake, husimama kwenye sinki akasugua mikono kwa brashi, na masizi hayatoki haraka. Nyuma ya mlango binti zake wanaongea. Anawasikia wao, na anamsikia yule msichana aliyemwona. Sauti hizo mbili zinagongana kwenye shingo yake huku brashi ikiendelea kwenda na kurudi. Mke wake, anayemwambia kitandani kwamba mambo mengine ni ya kufumbiwa macho, ni Eileen Walsh. Wale watoto wawili wa Disco Pigs, sasa na mvi, wamelala kando kwa kando gizani na kila mmoja anasikia kile ambacho mwenzake hasemi.

Na Stephen Rea. Baada ya Clov, baada ya Owen, alizunguka katika filamu na majukwaa kwa miaka mingi. Wakati fulani, bila mtu yeyote kumpa kazi hiyo, aliingia studio akarekodi ile sauti ya Krapp akiwa kijana, ili siku akizeeka na akiitwa, ukanda uwepo. Akauweka. Zaidi ya miaka kumi ikapita. Januari 2024, huko Dublin, akiwa na miaka 77, akaitwa.

Kwa hiyo mzee anayeinama kwenye mashine kweli ni mzee, na sauti inayotoka kweli ni yake ya zamani, yenye pumzi ambayo hana tena. Mchezo ni ule ulioandikwa kwa ajili ya Magee, ambaye Rea aliwahi kumhudumia jukwaani akiwa Clov. Kiganja kinakinga sikio. Sauti inasema habari zake hadi zinakwisha, na mzee hazimi mashine. Ukanda unaendelea kuzunguka bila sauti, naye anatazama mbele.